Kusema "Sitaki" Bila Kuomba Radhi

Ukiwa kifungua mimba na umepata kazi Nairobi, karo ya wadogo zako hukufikia kabla ya kodi ya nyumba. Natanguliza hilo kwa sababu wengi hudhani anayekwenda kwa mshauri nasaha lazima awe amefiwa au ameachika. Mimi nilikwenda baada ya rafiki kuniuliza wikendi napenda kufanya nini, nikakosa jibu. Nilijua anachopenda mama, anachopenda bosi, hata anachopenda kondakta wa matatu za Umoja (pesa zisizohitaji chenji).

Usiende ukitarajia kuambiwa wewe ni nani. Vikao vya mwanzo nilisimulia habari za watu wengine tu. Halafu siku moja mshauri akanikatiza: "Mbona unacheka kila ukifika mahali panapouma?" Sikuwa nimegundua. Kikao karibu chote kikaishia kwenye hicho kicheko: kilianza lini, na nyumbani ni nani hakutakiwa kuniona nimenuna. Kumbe nilikianza nikiwa mdogo, kwa kuwa kilizima ugomvi haraka.

Donald Winnicott, daktari wa watoto na mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1960 kwamba mtoto anayelazimika kuyafuata matakwa ya wakubwa hujenga nafsi ya bandia, na kazi ya nafsi hiyo ni kuilinda ile ya kweli. Maelezo hayo yalinituliza. Nilikuwa nimeanza kujiona mnafiki.

Kilichonisaidia zaidi kilikuwa kidogo mno: nikiombwa jambo, nisijibu papo hapo. "Nitakujulisha kesho," basi. Usiku huo mmoja unatosha kusikia tumbo lako linasema nini. Ombi la kwanza kupitia hapo lilikuwa la kamati ya harusi ya binamu, ambako nilikuwa nimeshateuliwa mweka hazina bila kuulizwa, kama kawaida. Niliandika ujumbe mrefu wa WhatsApp wenye visingizio vya kazi na homa, nikaufuta, nikaacha sentensi moja: "Naomba mtafute mweka hazina mwingine, nitachanga kama wengine." Mama alipiga simu kabla sijaiweka chini. Akauliza kama naumwa. Wakapata mwingine, tena anayejua hesabu kuniliko.

Hapo kuna mtego. Wapo wanaojitambua kidogo tu kisha wakakata undugu na ukoo mzima, wakaita hiyo ndiyo uponyaji. Kama kwenu kuna kipigo au unyanyasaji, jitenge, sina ubishi. Lakini kwa wengi wetu mambo si hivyo. Mimi bado napeleka pesa nyumbani, ila kiasi napanga mimi, na simu ya katikati ya mwezi haikibadilishi.

Kuhusu kumpata mtu: Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayowataka wasajiliwe. Kwa hiyo muulize usajili wake bila aibu. Pesa zikiwa chache, uliza vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha. Wanafunzi walio mazoezini hutoza kidogo na huwa na msimamizi. Uliza pia kama unaweza kuongea Kiswahili au lugha ya kwenu, maana kuna hasira zisizotoka kwa Kiingereza. Na kama unaishi chumba kimoja ambako jirani husikia hata kijiko kikianguka, usifanye kikao cha simu humo. Utanong'ona na kujichuja. Ikiwa mawazo ni ya kujidhuru, hayo hayasubiri miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.

Mshauri wa kwanza asipokufaa, tafuta mwingine. Ila usitoweke kimyakimya. Mwambie usoni kwamba hutaendelea naye. Kwa sisi tuliozoea kuridhisha watu, hicho chaweza kuwa kikao chenye faida kuliko vyote ulivyomlipa.