Kadi unayo, sawa, lakini mara ya mwisho lini?

Ndugu, umeuliza kwa nini yule wa mitungi ya hewa ya kuzamia hapa Kigoma alikurudisha kwenye maji ya kifuani wakati kadi ya uzamiaji unayo. Kadi inasema ulifundishwa, haisemi kama bado unakumbuka. Nimebeba mitungi botini miaka kadhaa, na swali letu la kwanza si umezamia mara ngapi, ni mara ya mwisho lini na wapi. Mtu wa mara 80 aliyekaa miaka mitatu bila kugusa maji namwogopa kuliko wa mara 12 aliyetoka Mafia mwezi jana.

Kisha tunanyamaza, tunakutazama ukifunga vifaa. Ukisahau kuangalia geji ya hewa ya mtungi, au ukahangaika na mikanda ya jaketi la kuzamia kama mtu anayevaa kanzu gizani, tumeshajua. Majini mtihani ni miwani ya kuzamia: ijaze maji, uyatoe kwa pumzi ya pua, bila kukurupuka kwenda juu. Hapo ndipo wengi wanaumbuka.

Halafu Ziwa Tanganyika halina chumvi. Vile vipande vizito vya risasi ulivyozoea kufunga kiunoni baharini ili uzame vitakushusha kama nanga, kwa hiyo punguza kilo kadhaa. Ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za kuzamia kwenye mwinuko huanzia mita 300, kwa hiyo hapa zinakuhusu. Na usitegemee sakafu ikupokee, kina kinafika mita 1,470. Asiyejua kujituliza mahali pamoja anashuka tu huku akishangaa samaki.