Chumba Changu Kiko Juu ya Njia, na Benki Ilinikatalia kwa Ajili Yake

Juzi usiku kijana mmoja anayesoma maandishi yangu kaniletea ujumbe: "Mwalimu, nimepata fleti Michenzani. Zilikuwa mbili, mwenyewe kavunja ukuta zikawa moja. Nataka kwenda benki kuomba mkopo. Nianzie wapi?" Nilikuwa nimekaa kitandani, na kitanda changu, kwa wasiojua, chini yake watu wanapita na baiskeli. Nikaona swali hili silijibu kwa mistari miwili.

Fleti yangu iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Unaingia mlango mkubwa, unapanda ngazi za mawe tunazotumia familia tatu, unazunguka roshani ya ndani inayotazama kiwanja cha katikati, ndipo unafika kwangu: ukumbi, chumba na jiko. Chumba cha pili hakimo ndani ya nyumba. Unafungua mlango mdogo wa mbao, unaingia kwenye wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuiunganisha nyumba yetu na ile ya upande wa pili. Huku boriti zimelala kwenye ukuta wetu, kule zimelala kwenye ukuta wa nyumba ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani. Wazee walijenga hivi ili jamaa, wanawake hasa, watembeleane bila ya kushuka njiani. Mie nilikipenda chumba kile siku ya kwanza. Kina madirisha pande mbili, na alasiri upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule.

Bei ilikuwa shilingi milioni 85. Nilikuwa na milioni 24, jasho la miaka 11 ya kufundisha skuli na masomo ya jioni. Nikaenda benki, sitaitaja, nikiwa na barua ya mwajiri na nakala ya hati.

Wiki ya tatu wakamleta mthamini. Nakumbuka kila hatua yake. Alivua viatu mlangoni, akapima ukumbi kwa futi ya chuma, akaandika. Akapima chumba: upana mita 2.8. Akaniuliza kwa nini vyumba vyote vyembamba, nikamwambia boriti za mikoko ndizo zilizoamua, haziendi mbali zaidi ya hapo, na nyumba hizi za mawe na chokaa zimekatwa kwa kipimo chao. Alipofika kwenye wikio alisimama kizingitini. Aliweka mguu mmoja ndani, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili. Kipande cha chokaa kikadondoka njiani, mtu akaguta huko chini, "Nyie!" Mthamini akaurudisha mguu wake, akafunga daftari. "Chumba hiki kimo kwenye hati gani?"

Sikuwa na jibu. Hati ilitaja kiwanja na nyumba. Chini ya chumba changu ni njia ya watu wote.

Baada ya siku nane afisa mikopo akaniita. Alilisukuma faili langu kwa ncha ya kalamu, mbele ya wateja waliokaa kwenye foleni, akasema, "Bibie, hii si fleti, hili ni daraja. Tafuta nyumba ya kawaida." Mwenzake wa meza ya pili akacheka. Kukataliwa nimeshakusamehe, lakini kicheko kile bado kinanichoma, na miaka minne imepita. Nilishuka ngazi za benki ile mtandio umenifunika uso.

Nilipotulia ndipo nilipokielewa kitu ambacho nakuomba ukishike hata ukisahau mengine yote. Benki inajiuliza: huyu akishindwa kulipa, tutauza nini hasa, kuanzia ukuta upi mpaka ukuta upi, na mnunuzi atapita wapi kuingia? Hapa kwetu ardhi ni ya Serikali, sisi tuna haki ya kuitumia, kwa hiyo kinachoshikwa rehani ni kile kilichoandikwa. Umbo la nyumba likiwa la ajabu na karatasi ikanyamaza, mthamini atanyamaza pia. Na tangu sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, usitegemee mthamini aingie nyumba ya boriti moyo mtulivu. Ana haki hiyo.

Nikaanza upya. Nilimtafuta mchoraji ramani, akachora kila ghorofa: ngazi na roshani akazitia rangi ya njano kuwa ni za pamoja, sehemu yangu kijani, wikio peke yake nyekundu. Sheria ya kondominiamu ya mwaka 2010 imefungua njia ya mtu kumiliki sehemu yake ndani ya jengo huku sehemu za pamoja zikiandikwa, basi tukaandika. Majirani wawili wakatia saini mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, nani anatengeneza dari, nani anatengeneza ngazi. Nikaandika barua Kamisheni ya Wakfu kuhusu ule ukuta wao unaozibeba boriti zangu. Mhandisi akakagua, boriti tatu zikabadilishwa kwa kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ilichukua miezi saba, ofisi hadi ofisi. Mwenye nyumba, Mungu amlipe kheri, alinisubiri.

Benki ya pili nilikwenda kwenye huduma zao za Kiislamu, na hapa sikiliza vizuri. Kwenye murabaha benki inanunua nyumba na kukuuzia wewe kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Kwenye musharaka inayopungua, benki na wewe mnaimiliki nyumba kwa pamoja, unalipa kodi ya sehemu yao huku unainunua kidogo kidogo. Nilipowaza benki kuwa mshirika wangu kwenye chumba kilichoegemea ukuta wa wakfu, nikaona maswali yangerudi yote. Nikachagua murabaha. Wikio hawakulitia hesabuni kabisa. Walithamini ukumbi, chumba na jiko tu, mkopo ukawa milioni 54. Zilizopungua, milioni saba, zilitoka Mtambwe, Pemba: mama na kaka zangu waliuza karafuu za msimu mzima. Mama alizileta mwenyewe, zimefungwa kwenye khanga, akakaa kwenye wikio akala chungwa akitazama njia.

Vijana wangu, nasema kwa mapenzi. Mnakimbilia gari kwa mkopo wa mshahara, halafu nyumba mnaitaka ije na karatasi zake zimenyooka. Nyumba za mji wetu hazikujengwa kwa ajili ya fomu za benki. Ukiipenda moja, itafutie karatasi wewe. Chora ramani kabla ya kuomba mkopo. Andikianeni na majirani kabla ya kuomba mkopo. Wala usitoe malipo ya awali kwa dalali aliyekuambia "hilo dogo, litatengenezwa baadae", maana atakayelitengeneza ni wewe, kwa pesa zako na viatu vyako.

Sasa kijana wa Michenzani. Kwanza muulize muuzaji kama zile fleti mbili zina karatasi mbili au moja. Zikiwa mbili, benki huenda ikaishika moja tu, na nusu ya nyumba yako ikabaki nje ya rehani na nje ya thamani. Pili, dai kibali cha kuvunja ule ukuta kwa maandishi; maneno ya mdomo hayatoshi. Tatu, panda kwa jirani wa juu, bisha hodi kwa adabu, umwombe akuonyeshe sakafu yake palepale ulipokuwa ukuta. Ukiona ufa, piga picha, mpelekee mhandisi kabla hujamwona afisa mikopo yeyote. Jumamosi alasiri sina darasa. Ukinihitaji, nitapanda na wewe.