Kabla ya kukimbilia M, jifunze kubishana na kamera

Anayeanza kupiga picha huambiwa aiweke kamera kwenye M (manual, yaani kila kitu unakipanga mwenyewe), eti ndipo atakuwa mpiga picha wa kweli. Mimi siwashauri hivyo. Wanaokuja kwangu huwaanzishia A, ambayo Canon huiandika Av: wewe unachagua apecha (ukubwa wa tundu la lenzi), kamera inatafuta kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera linabaki wazi). Kinachomsumbua mwanafunzi kwa kawaida ni kutojua kamera yake inafikiria nini, na hilo M haimfundishi.

Kamera yenyewe haifikirii mengi. Kipima mwanga chake hakijui kama mbele yake kuna gauni la bibi harusi au gunia la mkaa. Kinapima mwanga unaokifikia, kisha kinakisia kwamba vyote kwa pamoja ni kijivu cha wastani. Jaribu leo: jaza fremu kwa shuka jeupe, piga, jaza kwa koti jeusi, piga. Shuka litatoka limefifia, koti litatoka limepauka, na picha zote mbili zitakuwa kijivu kinachokaribiana.

Dawa ni kitufe chenye alama ya +/−. Weupe ukitawala fremu, jumlisha. Weusi ukitawala, toa. Mwanzoni utahisi unafanya kinyume, ila utazoea. Stopu moja juu ni mwanga mara mbili, stopu moja chini ni nusu yake, na kamera nyingi zinakuruhusu kwenda kwa theluthi.

Mfano ninaoupenda ni mtu aliyelipa mgongo dirisha. Kamera inaona dirisha, inabana mwanga, uso unazama gizani, hasa mwenye ngozi nyeusi. Weka +1, kuza picha uangalie macho. Kama bado hayasomeki, nenda +1.7. Dirisha litaungua, yaani litabaki jeupe tupu. Liache liungue, hakuna aliyekuja kutazama dirisha. (Kama unaweza kumgeuza aelekee dirishani, mgeuze tu, mambo yaishe.)

Namba za apecha huwatisha watu bure. Kutoka f/4 kwenda f/5.6, f/8, f/11, kila hatua inakata mwanga nusu, na namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Kwa ISO ileile (kiwango cha kamera kuitikia mwanga), f/8 na 1/125 ya sekunde inaingiza mwanga sawa na f/4 na 1/500. Picha hazitafanana, lakini: ya pili itamgandisha mtoto anayekimbia na kufifisha vilivyo nyuma yake.

Ukiwa kwenye A, jicho lisitoke kwenye kasi ya shata. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyoshikwa mkononi, nisingependa ishuke chini ya 1/50, na watu wakitembea nataka 1/250. Ikishuka, fungua apecha au pandisha ISO. Wengi wanaogopa ISO 3200 kwa sababu ya chenga, vile vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, ila picha iliyotikisika ndiyo imekwenda.

Usiamini mwangaza wa kioo cha nyuma, kwa sababu juani kila picha huonekana giza na gizani kila picha huonekana safi. Fungua histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Mlima ukigandamana na ukingo wa kulia, kuna sehemu zimeungua, na weupe ulioungua kabisa haurudi hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Giza, kwa kiasi, linainulika. Ndiyo maana juani ninalinda mawingu na mashati meupe kwanza.

M ina wakati wake: mwanga umetulia, lakini vilivyo mbele yako vinabadilika. Jukwaani, kwa mfano, anapita mwenye kanzu nyeupe, nyuma yake mwenye suti nyeusi, taa ni zilezile. A itapandisha na kushusha kila anapopita mtu mwingine. Hapo piga ya majaribio, soma histogramu, panga apecha, shata na ISO, kisha usiziguse mpaka taa zibadilike.