Mtu yuko kazini halafu anaambiwa kagoma, inakuwaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nipo kiwandani hapa Morogoro, tuliomba nyongeza ya mshahara tukaambiwa tusubiri, basi watu wakapoa, asubuhi tunaingia wote ila kazi inakwenda kwa kujivuta. Meneja katuita, kasema tunafanya mgomo baridi. Sasa mtu anagomaje na kadi yake ya mahudhurio imegongwa? Na hilo neno lipo kweli au ni la kutuchafua tu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Neno lipo, tena limezoeleka hapa kwetu hadi Kenya, mgomo baridi ni pale wafanyakazi wanapokubaliana kufika kazini lakini wafanye kidogo au wafanye polepole makusudi ili mwajiri aumie na wasiambiwe wamegoma. Mwalimu anaingia darasani, anaita mahudhurio, anakaa. Huo ndio wenyewe. Siku hizi hata washabiki wa mpira wamelichukua, timu ikifungwa mechi tatu utasikia wachezaji wana mgomo baridi, hawamtaki kocha, ingawa mara nyingi ni viwango tu vimeshuka jamani.

Mbinu yenyewe ya zamani. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow, Uskoti, waligoma kudai nyongeza, matajiri wakaleta vibarua wa mashambani, mgomo ukashindwa. Chama chao kikawaambia rudini kazini, ila fanyeni kazi kama wale wa shamba walivyokuwa wanafanya, si matajiri waliwasifia? Na wale vibarua walikuwa wanaangusha mizigo, kazi ya mtu mmoja wanafanya wawili. Haikuchukua muda nyongeza ikatoka.

Ila usikimbilie kuiga, maana hapa ndipo meneja wako ana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inapoeleza mgomo haisemi lazima watu wabaki nyumbani, inasema kusimamisha kazi yote au sehemu ya kazi ili kumshinikiza mwajiri kwenye madai. Hiyo "sehemu" ndiyo inayowafunga nyie, kwa hiyo kugonga kadi peke yake si kinga. Na mgomo una taratibu zake: mgogoro upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, usuluhishi una siku 30, mkishindwana chama kinapigisha kura, wengi wakikubali mnampa mwajiri notisi ya saa 48. Mkifuata hayo hawezi kukufukuza kwa sababu ya kugoma, ingawa mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi halazimiki kukulipa. Mkijivuta kimyakimya bila hizo taratibu mnakuwa hamna ulinzi huo hata kidogo. Mimi naona mgomo baridi unamfaa zaidi mwajiri mwenye hila kuliko mfanyakazi, kwa sababu hakuna barua ya madai wala kiongozi wa kuzungumza naye, anachagua wawili watatu anaowachukia anasema hawa ni wavivu, basi, wengine mnatulia.

Kwa hiyo kama mna chama hapo kiwandani kabaneni katibu wa tawi madai yaandikwe, na kama hamna, kujiunga au kuanzisha chama ni haki yenu kisheria.

SWALI: Kugoma na kususia si kitu kimoja? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hapana, japo yanakaribiana. Anayegoma anakataa kutenda kitu anachotegemewa akifanye, kama kazi au kusoma. Anayesusia anajitenga na kitu, hanunui bidhaa, haendi kwenye kikao, hapigi kura. Ndiyo maana wabunge wakitoka ukumbini magazeti yanaandika wamesusia kikao, lakini madereva wa daladala wakipaki magari wamegoma, na siye abiria tukikataa kupanda daladala zao kwa sababu ya nauli, hapo tumezisusia.