Umeme kisogoni na mkono unaojirekebisha

SWALI: Nasomea fiziotherapia. Kuna zoezi ambalo alama inayofuata mkono kwenye skrini hupindishwa nyuzi 30 na mkono hujifunza kufidia. Nasikia umeme hafifu kichwani huharakisha kujifunza huko. Pedi zinawekwa wapi, na matokeo yanaaminika?

JIBU: Kwa mkono wa kulia, pedi chanya hukaa juu ya serebelamu ya kulia (sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inayoratibu mwendo), sentimita 3 kando ya nundu ya kisogo, hasi hukaa shavu la kulia. Usihamie kushoto: kila upande wa serebelamu huhudumia upande huohuo wa mwili. Mtafiti Galea na wenzake, mwaka 2011, walitumia miliampia 2 kwa dakika 15, huku zoezi likiendelea. Makosa yalipungua haraka. Pedi ilipowekwa juu ya gamba la mwendo (sehemu ya ubongo inayoamuru misuli), kasi haikuongezeka, ila kilichojifunzwa kilidumu zaidi.

Tatizo ni kwamba mwaka 2017 Galea huyohuyo, akiwa na Jalali na Miall, hakupata athari thabiti. Kwa hiyo usimwahidi mgonjwa chochote.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni sponji. Iloweshe kwa maji ya chumvi: ikikauka, ukinzani hupanda na ngozi huweza kuungua, ikichuruzika, umeme husambaa nywelini. Pandisha mkondo taratibu, sekunde 30 hivi. Mwenye kifafa au chuma kichwani asiguswe, na vifaa vya kujiundia kwa betri nyumbani tunavikataa kabisa.

Katika jaribio, kundi la kulinganisha, lisilopewa umeme kamili, nalo liwashiwe kwa sekunde 30 kisha lizimiwe kimyakimya; muwasho wa mwanzo huweza kuwafanya wasijue tofauti.