Barua kwa mwanangu aliye Seattle

Mwanangu,

Salamu kutoka Eldoret, sote hapa tu wazima. Uliniuliza imekuwaje Chuo Kikuu cha Washington, hapo kwenu Seattle, kiko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, ilhali majirani zao, chuo cha Washington State, wameachwa nje. Ni mambo ya televisheni.

Hadi 1984, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo iliyodhibiti matangazo ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikauvunja ukiritimba huo, ligi zikaanza kujiuzia zenyewe. Mwaka 2007 Big Ten, ligi waliyomo Rutgers na Washington sasa, ikafungua chaneli yake ikishirikiana na kampuni ya televisheni ya Fox. Kampuni za kebo ziliilipa kwa kuhesabu nyumba za wateja, watazame wasitazame, na malipo yalikuwa makubwa zaidi katika majimbo yenye chuo cha ligi hiyo. Rutgers wakaingizwa 2014. Kilichotakiwa hasa ni nyumba za New York na New Jersey.

Ligi ya magharibi, Pac-12, waliyokuwamo Washington na Washington State, ilifungua chaneli zake 2012 bila mshirika, na haikuwahi kuafikiana na DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Mapato yakawa haba. Mwaka 2022 vyuo vya Los Angeles, USC na UCLA, wakatangaza kuhamia Big Ten. Agosti 2023 Washington na Oregon wakawafuata Big Ten, na punde Stanford na Cal, chuo cha Berkeley, California, wakajiunga na ligi ya Pwani ya Atlantiki. Wao wako Pasifiki, mwanangu! Wengine nao wakahama, wakabaki Oregon State na Washington State peke yao.

Hapo ndipo panaponiuma. Washington State, kule Pullman, ndicho chuo cha mkimbiaji wetu Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, kwa Cal, dakika 13:08.4. Ya kuruka viunzi na maji akaivunja hapo hapo Seattle, 8:05.4. Rekodi mbili kati ya nne zilipatikana katika miji ya vyuo vya ligi yake, kwa sababu mashindano ya majirani yalikuwa mengi na mazuri.

Sasa hao majirani wametawanyika na fedha zimepungua. Mwaka 2025 Washington State walifuta michezo ya kuruka na kurusha, wakapunguza mbio fupi, wakabakiza hasa mbio ndefu. Wakimbiaji wa aina yetu wamenusurika, lakini kijana wa mkuki atafute chuo kingine. Wa voliboli nao wa Seattle, kwa kuwa michezo mingine ilihamishwa pamoja na futiboli, wanavuka bara zima katikati ya muhula, masomo yakiwasubiri.

Mimi naona futiboli ingeachwa ifuate fedha zake, michezo mingine irudishwe kwa majirani. Hakuna sheria ya maumbile inayodai mrusha mkuki asafiri kwa ratiba ya futiboli.

Mama yako anasema upige simu Jumapili.

Baba yako