Upana wa mikondo ya kale: FAKTS inatoa

Umeuliza kama FAKTS, hifadhidata ya mashapo ya mito, inaweza kukupa upana wa mikondo ya kale ya Rufiji kwa ajili ya modeli yako ya chini ya ardhi. Inatoa mkuu, ila usitafute "Rufiji" humo ukategemea namba za moja kwa moja. Za kuazima ni za mito inayofanana nao. FAKTS ya Chuo Kikuu cha Leeds ni majedwali yanayounganishwa, unayauliza kwa SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata). Chuja kwanza aina ya mto (wa kujipinda au wenye mikondo iliyosukana), hali ya hewa na aina ya bonde, ndipo uombe unene na upana. Mashapo yamegawanywa ngazi tatu, kubwa hadi ndogo. Ukizichanganya, wastani unaotoka ni uji.

Kinachowaponza wengi ni safu ya aina ya kipimo. Mwamba unaoonekana ukikatika kabla mchanga wa mkondo haujaisha, upana unaorekodiwa ni wa kipande tu. Ukiuchanganya na upana kamili, modeli yako itakuwa na mikondo myembamba kuliko ilivyo, na hapo hata data za visima vyako hazitakubaliana nayo. Mpangilio wa FAKTS wenyewe umeelezwa kwenye makala yao ya 2012, jarida la Petroleum Geoscience. Isome kabla hujaandika swali lolote.